Fundi aliyeusingizia mkono wa Modesta

Saa mbili kasoro asubuhi, kabla mbao ya kwanza haijapandishwa mezani, Nestory Mayala anaiwasha mashine na kuweka kiganja juu ya kifuniko chake cha chuma. Anafumba macho. Wenzake katika karakana hii ya Igogo, jijini Mwanza, wanasubiri.

Mashine hiyo ni msumeno wa mkanda: bapa refu lenye meno, lililounganishwa ncha kwa ncha, linalozunguka kwenye magurudumu mawili, moja juu na jingine chini. Ndiyo inayokata migongo ya viti na mataruma, zile mbavu za mitumbwi, vipande vyote vinavyotakiwa kupinda.

Akimaliza kusikiliza, hatoi hukumu. Anamgeukia anayekata siku hiyo na kumuuliza yeye anasikia nini.

"Zamani sikuwa nauliza," anasema fundi huyo mwenye umri wa miaka 57, akitazama mikono yake. "Nilikuwa natoa majibu tu."

Anasimulia polepole, na mara mbili anaomba tupumzike kwanza. Anachokieleza hakuna aliyekijua isipokuwa yeye. Angeweza kukaa nacho kimya.

Machi mwaka huu, Nestory alibadilisha mpira unaovishwa gurudumu la juu ili bapa lisiteleze. Kwa ndani ya gurudumu aliona kipande cha chuma, kidogo kama nusu ya kiberiti, kimefungwa kwa skrubu. Akadhani ni masalia ya matengenezo ya zamani. Akakifungua, akakitupia kwenye kopo la nati.

Wiki ileile mashine ikaanza kutetemeka. Mbao zikawa zinatoka na mawimbi, mabapa yakawa yanakatika.

Aliyeuendesha msumeno huo kwa miaka saba ni Modesta Kashindye, mama wa watoto watatu, mkazi wa Kiseke. Alimfuata Nestory na kumweleza kwa adabu kwamba mtetemo unakuwepo hata kabla hajaweka mbao. Akaongeza kwamba umeanza tangu mpira ulipobadilishwa.

"Hilo la mwisho ndilo lililonichoma," anakiri Nestory. "Nilisikia kama ananiambia sijui kazi. Nina miaka 26 kwenye mashine."

Mbele ya mafundi tisa na mmiliki wa karakana, Nadim, alitoa jibu lake: mashine ni nzima, tatizo ni mkono wa Modesta, anasukuma mbao kwa nguvu mpaka bapa linapinda. Walipofunga bapa jipya na mtetemo ukabaki palepale, alisema na hilo ameshalipinda.

Nadim alimwamini fundi wake. Modesta akaondolewa kwenye msumeno na kupelekwa kupiga msasa, ujira wake ukishuka kutoka shilingi 15,000 kwa siku hadi 7,000. Wenzake wakaanza kumwita Mkono Mzito. Baada ya wiki tatu hakurudi.

Aliomba kazi kwenye karakana ya mzee Nkwabi, huko Busisi, ng'ambo ya ziwa. Mzee huyo akampigia simu Nestory kumuulizia. Nestory akarudia yaleyale.

"Hakuna aliyenilazimisha," anasema. "Ningeweza kusema ni mchapakazi, maana ndivyo alivyo. Lakini nilishasema mbele za watu, nikaona lazima nililinde neno langu."

Mkataji mwingine alishika msumeno, na mashine ikaendelea kutetemeka. Nestory akakaza boliti za sakafuni, akabadilisha beringi. Haikusaidia. Mwezi uliopita bapa lilikatika na kupita karibu na shingo ya mkataji. Siku hiyo ndipo alipoanza kutafuta tatizo kama alivyotakiwa kulitafuta tangu mwanzo.

Aliiwasha mota peke yake, ikawa tulivu. Akaendesha gurudumu la chini bila bapa, nalo likazunguka vizuri. Likabaki la juu, lile alilolivisha mpira mwenyewe.

Akalizungusha kwa mkono na kuliacha lisimame lenyewe, kisha akaweka alama ya chaki mahali palipoelekea chini. Akalizungusha tena mara tatu. Mara zote alama ilirudi chini. Upande mmoja ulikuwa mzito kuliko mwingine, na kilichokuwa kikiusawazisha alikuwa amekifungua kwa mkono wake.

"Nilikaa chini sakafuni," anasema. "Kila alichoniambia yule mama kilikuwa kweli."

Alikitafuta kipande kile kwenye kopo, akakirudisha mahali pake. Mashine ikatulia. Nadim akamshukuru mbele ya wote, naye akapokea shukrani hizo. Kwa siku nne hakumwambia mtu, hata mkewe. Siku ya tano alimweleza Nadim, ambaye aliuliza swali moja tu: Modesta anajua?

Alimkuta Kiseke, nje ya nyumba yake, akichonga vigoda vya kuuza. Modesta aliinuka na kumwamkia, "Shikamoo, Fundi."

"Nilishindwa kuitikia," anasema Nestory. "Mtu niliyemharibia jina ananipa shikamoo. Nilisema niliyokwenda kusema nikiwa nimesimama."

Modesta, 38, anaikumbuka miezi hiyo bila kupandisha sauti. "Nilifika mahali nikaanza kuamini," anasema. "Nilikuwa nautazama huu mkono nikiwa peke yangu, najiuliza una nini." Alipoulizwa kama amemsamehe, alijibu kwamba hajafika huko.

Alitaka jambo moja: Nestory akaseme palepale aliposemea, mbele ya walewale. Jumatatu iliyofuata alifanya hivyo, Modesta akiwa amesimama mlangoni. Wengi waliangalia chini. Mmoja alisema nao walimtania.

Nadim alimwomba Modesta arudi kwenye msumeno. Alikataa. Anachokitaka ni nafasi ile ya Busisi aliyonyimwa.

Nestory alimpigia simu mzee Nkwabi, akajibiwa kuwa hayo yamepita. Nestory akapendekeza amwandikie mzee huyo barua. Modesta hakukubali.

"Barua hapana," alimwambia. "Ulinitoa kwa mdomo, nenda na mdomo."

Jumamosi hii wote wawili watavuka daraja kwenda Busisi, kila mmoja kwa usafiri wake, kama alivyotaka Modesta. Nestory anasema usingizi umekuwa wa shida wiki nzima. Hajui kama mzee huyo atampa Modesta kazi, na hajui atatazamwa vipi yeye fundi anayekwenda kujisema mwenyewe.

"Nitaeleza yote, na lile la simu," anasema. "Nikimaliza nitatoka nje. Mambo ya kazi waongee wao wawili. Mimi kuhusu Modesta nimeshaongea vya kutosha."