Pedali Zangu Zilipoacha Kunuka

Barua ilisomwa baada ya mazoezi ya Alhamisi. Katibu wa kwaya, mtu mzima mwenye mvi ambaye nilimfundisha mimi mwenyewe kushika kalamu, aliisoma bila kuinua macho. "Kwa heshima kubwa, Mwalimu, uongozi umepokea malalamiko kuhusu harufu ya vifaa vyako vya gitaa." Mpaka harufu hiyo iishe, gitaa lipumzike. Na kama haitakuwa imeisha kabla ya safari ya Ruangwa, kwenye sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia ya wenzetu, kwaya itakwenda na kinanda cha karani wa ghala la korosho.

Vifaa vyenyewe ni pedali mbili, visanduku vya chuma unavyokanyaga kwa mguu wakati unapiga. Moja hulifanya gitaa lilie, nyingine huipa sauti mwangwi. Niliachiwa na bruda mmoja wa misheni alipokuwa anarudi kwao Ulaya, nami wakati huo nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi hapa Nachingwea. Sasa ni mstaafu, na zenyewe zimenizidi kuzeeka. Kuhusu harufu sikubisha. Zilikaa masika yote kwenye kabati la sakristia, ambako panya huhudhuria kwa uaminifu kuliko wanakwaya wa sauti ya pili. Zilinuka mkojo wa panya, ukungu, na kitu cha tatu ambacho sikutaka kukijua.

Kilichoniuma ni kinanda. Kinanda kile kina kitufe cha ngoma, kitufe cha besi na kitufe cha makofi. Karani anabonyeza, kinanda kinapiga chenyewe, yeye anabaki kutabasamu kama bwana harusi. Mimi nimepiga gitaa katika kwaya ile zaidi ya miaka thelathini. Wakati wa matoleo nilikuwa napiga solo mpaka vikapu vifike altareni, na Jumapili nyingine vikapu vilikaa vikinisubiri. Kuondolewa na panya, baada ya utumishi wote huo, niliona ni aibu ambayo sitaimeza.

Uongozi ukaunda kamati ya harufu. Sisi hata kuku akipotea tunaunda kamati. Mjumbe wa kwanza alikuja nyumbani na udi, akazifukiza pedali kwa bidii, na kwa siku mbili zikanuka panya anayeolewa. Wa pili alitoka Marambo na mfuko wa malimau. Akakata, akasugua chuma kwa nje, akanawa mikono na kuondoka ameridhika. Wa tatu alishauri tuziombee. Nilimuuliza kama alishawahi kuombea kabati lake la vyombo, akaaga.

Nikawacheka wote, kisha nikafanya upumbavu unaoushinda wa kwao. Ulikuwa msimu wa kupuliza mikorosho. Kwetu, mtu mwenye salfa nyumbani anaamini ana dawa ya kila kitu. Unga ule wa njano huondoa ukungu kwenye maua ya mkorosho, hilo kila mkulima analijua. Basi nikawaza kama msomi: ukungu ni ukungu. Nikazitia pedali kwenye kiroba, nikamimina salfa mpaka zikafunikwa, nikafunga kwa kamba na kuziacha wiki nzima. Mke wangu alisimama mlangoni akaniangalia. "Baba, hizo zitazaa mwaka huu?"

Nilipozitoa, zilinuka panya aliyepuliziwa salfa. Pia nilipochomeka gitaa, zilikwaruza kama mtu anayekaanga samaki, na ile ya mwangwi haikutoa sauti kabisa. Hapo niliogopa kweli. Nilijiona nimebaki Nachingwea siku ya sikukuu, nimekaa barazani, na karani yuko Ruangwa anabonyeza vitufe mbele ya padri. Nilikaribia kulia, na sisemi hivyo kwa utani.

Nikazipeleka kwa fundi redio wa sokoni. Ni mzee Mwislamu tunayeheshimiana naye sana, na hajawahi kusikia kwaya yetu ikiimba isipokuwa kwa bahati mbaya.

"Mwalimu, umezifungua?" aliniuliza baada ya kunusa.

"Hapana. Nimezifukiza udi, nimezisugua limau na nimezitia salfa."

Alichukua bisibisi. "Sasa nguo ikichafuka kabatini, wewe unafua kabati?"

Akafungua skrubu nne. Humo ndani sponji ya zamani ilikuwa imeoza na kugeuka uji mweusi. Juu yake panya walikuwa wamejenga kiota kwa karatasi zetu za nyimbo, hasa za sauti ya pili, ambazo hakuna aliyewahi kuziulizia. Fundi aliukwangua uchafu wote. Akakitoa kile kibao chenye nyaya, akakisugua kwa mswaki laini na spiriti, kila kiungo, polepole. Maganda ya chuma aliyaosha peke yake kwa maji ya sabuni. Akaviacha vyote vikauke kivulini siku tatu kando ya bakuli la mkaa wa kunyonya harufu, kisha akaweka sponji mpya na kufunga. Nilichomeka gitaa palepale dukani kwake. Sauti ilitoka safi, na harufu haikuwepo.

Alhamisi iliyofuata niliingia mazoezini kifua mbele. Niliwapanga wanakamati mstari mmoja, kama enzi za ukaguzi wa kucha, nikampa kila mmoja pedali aziweke puani. Walinusa. Katibu alimtazama mwenyekiti, na mwenyekiti, mama mshonaji niliyemfundisha darasa la nne, akaniomba tutoke nje kidogo.

"Harufu imeisha, Mwalimu. Hongera sana."

"Basi gari la Ruangwa linaondoka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja alfajiri." Alivuta khanga yake begani. "Lakini tunakwenda na kinanda."

Nilimwambia kwa ukali kwamba barua ilisema harufu, na harufu haipo, na mimi nilimfundisha kusema kweli.

"Ulitufundisha pia tusimkatize mkubwa akiwa anazungumza," alisema taratibu. "Wewe ukianza solo, Mwalimu, nani atakukatiza? Wimbo unaisha, wewe bado. Padri amesimama, wewe bado. Tumekaa vikao vitatu, hakuna aliyejua akuambieje. Pedali zilipoanza kunuka, tulimshukuru Mungu."

"Vikao hivyo mlianza lini?"

"Pasaka ya mwaka juzi. Nisamehe, Mwalimu."

Alipiga goti kidogo, kama alivyokuwa akifanya darasani, akarudi ndani. Kinanda kikaanza, na kwaya ikaingia yote kwa pamoja, ikamaliza wimbo mahali wimbo unapoishia. Nilibaki uani na pedali zangu mkononi. Nikazinusa, moja baada ya nyingine, kwa pumzi ndefu, nikitafuta japo chembe ya harufu. Fundi alikuwa amefanya kazi yake vizuri mno.