Alinikana Mbele ya Sufuria Zangu, Leo Anataka Sahani

Admin, jina langu liache pembeni. Nanyi wasomaji musiniulize mutaa, Likasi si kubwa, mutanijua. Minye ni nkambo wa miaka sabini na tano, iko na bajukuu tele. Masomo yangu yaliishia kwa masista, darasa la tatu, lakini tangu ile miaka ya tisini hakuna mutu amenilisha. Minye njo nalisha bantu.

Bwana yangu alikuwa kapita, musimamizi wa batumikaji kiwandani. Zamani hizo mwisho wa mwezi sisi mabibi tulipanga musitari na magunia yetu, tunapewa posho ya kampuni: unga, samaki, mafuta. Bibi wa mutumikaji hakuuzaka kitu. Ukionekana sokoni na hata fungu moja la muboga, bantu wanasema bwana yako si mwanaume. Tuliwacheka wanawake wa soko, na minye nilicheka kwa sauti.

Kisha kila kitu kikaanguka. Mushahara hakuna, posho hakuna. Bwana yangu aliendelea kuvaa kofia yake ya kazi kila asubuhi, anakwenda kukaa ndani ya kiwanda kilichokufa. "Posho itarudi," anasema. Siku nilipomukuta mutoto wetu wa mwisho anakwangua ukuta anakula udongo, sikuomba ruhusa ya mutu. Niliuza bikwembe, vitenge vya ndoa yangu, nikanunua unga na samaki ya Kapolowe, nikawasha mbabula, jiko la makaa, mbele ya mulango wa kiwanda. Madereva waliotoka Kakanda walishuka na njaa, nikawapakulia bukari, ugali wetu.

Wanaume wa kiwanda wakatoka, bwana yangu katikati yao. Dereva mumoja akaita na mudomo umejaa:

"Kapita! Huyu mama anajua kupika! Si bibi yako huyu?"

Bwana yangu aliniangalia toka miguu mpaka kitambaa cha kichwa.

"Bibi yangu? Hapana, si bibi yangu. Ule ni mama anatufuliaka nguo."

"Aaa, njo maana mboga inanuka sabuni!" dereva akasema.

Wakacheka wote. Naye akacheka. Kumukana mutu ni jambo moja, lakini kile kicheko mpaka leo nakisikia.

Jioni akarudi, akanawa mikono, akakaa mezani kama mufalme. Batoto walikuwa wamekula.

"Mama, bukari yangu iko wapi?"

"Mufuaji wa nguo amemaliza kazi, amekwenda kwao."

"Unanifanyia nini weye?"

"Kesho uje pale kwenye mbabula, useme mbele ya wale wanaume: huyu ni bibi yangu. Nitakupakulia mpaka ushindwe kusimama."

Hakuja. Alikonda mpaka suruali akaifunga kwa kamba. Alikuwa anapita mbele ya sufuria zangu, uso ameugeuzia barabara, na minye nikimuona napepea moto kwa nguvu ili harufu imufikie vizuri. Mwishowe akaenda Kapolowe kwa dada yake, kula mihogo yake.

Miaka ikapita, patron mupya aliyefungua kiwanda tena akaniita kupika kantini, na mushahara wa kila mwezi. Batoto walirukaruka: "Mama, utakuwa mutumikaji!" Nikawaambia waniondolee upuzi. Ya nini niketi tena kungojea mutu anipimie unga? Kantini unapakulia kila anayetumwa kwako. Kwangu, nikikataa kupakua, mutu anakosa. Kwa sababu hiyo sijaacha mbabula yangu, na nyumba hii nimeijenga kwa zile sufuria.

Sasa dada yake amekufa, na batoto wangu, bila kuniuliza, wamemuleta baba yao, sasa muzee mugonjwa, wakamuweka nyumbani kwangu. Saa sita uwanja wa nyumba, ninapopika siku hizi, unajaa wateja, yeye anakaa mulangoni ananusa. Nilimuambia: "Neno ni lile lile. Sema." Akajibu: "Mama, tumezeeka, mambo haya ya nini?" Jirani akawa anamuletea uji. Mutoto wangu mukubwa, mutu wa kanisa huyo, ananipigia kelele: "Mama, unamuua baba!" Wakati baba yake alipotuacha na njaa huyu mutu wa kanisa alikula kwa mukono wa nani?

Juzi muzee alisimama mwenyewe, akafika kwenye sufuria na sahani mukononi. "Unipe kidogo," akasema. Nikamuuliza: "Unaomba kwa nani?" Akaninyooshea sahani tu. Mwiko niliuacha ndani ya sufuria. Tangu hapo amelala ameangalia ukuta, hata uji wa jirani anaukataa.

Musiniambie ni muzee, macho ninayo. Musiniambie Mungu anaona, hata ile siku pale mulangoni alikuwa anaona. Batoto wamesema akifa hawatakanyaga tena kwangu. Sasa hivi bukari inaiva, yeye yuko nyuma ya ukuta, pumzi yake naisikia. Munishauri wazi bila kunibembeleza: nimupelekee sahani, ama ningojee aseme?