Hedi Mpya ya Kelvin na Trekta la Mzee Abuu

Jamani, leo nimeona mtu mzima kavaa suti, ananusa bango kama paka aliyesikia harufu ya dagaa. Saa nne asubuhi, pembeni ya barabara, hapa hapa Moro.

Siwatanii. Pua iligusa kabisa.

Anaitwa Kelvin, muuza mashine kutoka Dar. Alikuja juzi ofisini kwetu, tunakoprinti mabango, kumshawishi bosi wangu Mama Mwanvita aitupe mashine ya zamani, anunue yenye hedi mpya. Hedi ni kile kichwa kinachotema wino.

Hakumpa Mzee Abuu hata shikamoo.

Na Mzee Abuu ndiye kaiendesha ile mashine miaka kumi na minne. Kila asubuhi anaisafisha hedi yake kama mtu anayemwogesha mjukuu.

Kelvin akasema hedi mpya inajisafisha yenyewe, kwa hiyo huyu mzee anaweza kupumzishwa tu.

Mzee kasimama palepale, anasikia.

Halafu maneno sasa! Eti hedi yake inatoa tone la pikolita tatu, yaani dogo hata jicho halilioni, yetu inamwaga matone manene kama mvua ya Matombo. Pikolita, pikolita, anaitamka kama jina la mchumba.

Mzee Abuu akaomba kitu kimoja: picha ileile itoke kwenye hedi zote mbili.

Tulikuwa na oda ya bango la viungo vya Kinole, mdalasini na iliki. Kelvin akatuma picha kwao Dar, bango likaja na basi. Mzee akatoa lake kwa "trekta". Ndivyo nilivyokuwa naiita mashine yake.

Leo Mama Mwanvita kayatundika mwenyewe, sisi tuko ndani, hakuna anayejua lipi la nani. Kisha akatuvusha barabara.

Kelvin akalalamika kwamba huku ni mbali.

"Bango linasomwa na mtu aliye kwenye boda, baba," mzee akamjibu. "Halisomwi na inzi."

Mama akauliza lipi limetoka vizuri zaidi. Kelvin hakuwaza hata sekunde.

"La kushoto. Ona rangi ilivyoshiba. Hiyo ndiyo hedi mpya."

Mama Mwanvita akavuka, akainua pembe ya bango. Kwa nyuma, maka peni nyeusi: ABUU.



Ndipo suti ikavuka mbio kwenda kunusa. Matone aliyaona, manene vilevile alivyosema. Na kwa karibu hivyo, la Dar ni safi zaidi, sibishi. Ila nani anasoma bango kwa pua?

"Mzee Abuu habanduki hapa," mama akasema. "Wewe nitakutafuta siku nikianza kuprinti lebo za chupa."

Kelvin akamgeukia Mzee Abuu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu chai."

Sasa niwaambie nililoficha.

Kelvin aliitwa na nani? Na mimi. Mimi na diploma yangu. Nilimwona mtandaoni, nikamjaza mama kwamba tumepitwa na wakati na mzee kachoka.

Na pale ng'ambo, kabla Kelvin hajafungua mdomo, kidole changu kilishaelekea kushoto, nikiamini ndilo la Dar.

Ukitaka kudharau kitu, vuka barabara kwanza, ukitazame ukiwa ng'ambo.

Kesho saa moja nimeambiwa nifike na kitambaa safi. Mzee ananifundisha kuogesha trekta.