Kinyozi Aliyekatazwa Kucheka

Kinyozi alikuwa na sheria moja dukani kwake: wembe ukiwa shingoni, hakuna kucheka. Na mchekeshaji ni yeye mwenyewe. Alikuwa na kitabu cha zamani cha hadithi za watoto watatu watundu na vituko vyao shuleni, kitabu alichokiazima akiwa darasa la nne, kukirudisha ikawa mwiko. Jalada lilikwisha zamani, akabandika kipande cha boksi la sabuni. Mteja akishapakwa povu anamsomea, na akikaribia penye utamu ananyanyua wembe juu. "Haya, cheka sasa!" Watu walikuja kunyolewa ndevu ambazo bado hazijaota.

Mkewe, mshonaji wa mito na magodoro ya sufi, alimsuta. "Mtu mzima na mvi zako, unacheka na watoto wa kwenye karatasi!" Lakini duka na chumba chake cha kushonea viligawana ukuta, na kicheko cha mumewe, kile cha kupiga paja hadi kukohoa, kikipenya ukutani, sindano yake ilikwenda yenyewe.

Ndipo utumbo ukajisokota, akapelekwa hospitali, wakampasua.

"Asinyanyue kitu, na asicheke," muuguzi alimwagiza mke. "Mshono ni mbichi."

Kumkataza huyu kucheka ni kumkataza jogoo kuwika. Mke akashona kamto kadogo ka sufi, ka kukandamiza tumbo kicheko kikimponyoka, na kitabu akakificha. Mgonjwa akageukia ukuta, akasusa hata uji. Mwishowe mke akamtupia kitabu kifuani.

"Nikisikia umecheka, nakichana."

Kinyozi akasoma. Akafika ule ukurasa wa mbuzi, ambapo watoto wanamvisha mbuzi koti la mwalimu mkuu na kumkalisha ofisini, na mkaguzi asiyeona vizuri anaingia akiwa amevua kofia. Hata jino halikuonekana.

"Nimeweza, mke wangu."

Mke akajisifu kwa kila aliyekuja kumjulia hali. "Sindano zimemtia adabu!"

"Shemeji, umetuharibia kinyozi," wateja walilalamika.

Kesho yake mchana mke alimkuta ameshika kitabu vilevile.

"Umefika wapi?"

"Kwa mbuzi."

"Si ulikuwa kwa mbuzi jana?"

"Niko hapohapo."

Dirisha lilikuwa wazi, upepo unaingia, lakini mdomo wa juu wa Kinyozi ulikuwa umelowa jasho. Kamto kalikuwa sakafuni. Mke alipokarudisha tumboni, mumewe alikasukuma kama mtu aliyewekewa jiwe. Jiwe la sufi!

Mke akakichukua kitabu, akasoma kwa sauti ya mnadani: "'Shikamoo, mheshimiwa,' mkaguzi akasema, akanyoosha barua. Mheshimiwa akaipokea kwa meno, akaila yote na muhuri wake."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka mpaka dripu yake ikayumba. Kinyozi alimtazama mkewe kama anayesomewa tangazo la kukatika kwa maji.

"Vizuri," akasema.

Mtu akizuia kicheko utamjua tu: shavu linacheza, pua inatanuka, macho yanakimbia. Mke alikuwa amelala na uso huo miaka na miaka. Safari hii hapakuwa na cha kuzuiwa. Kicheko chenyewe hakikuwemo.

Akatoka mbio, kiatu kimoja kikabaki mlangoni.

"Dada, mume wangu hacheki!"

"Mama, si ndivyo tulivyomwambia?"

"Hacheki hata ndani kwa ndani. Njoo umwone, nakuomba."

Muuguzi alikuja akitabasamu. Akaweka kiganja tumboni kwa mgonjwa, na tabasamu likaondoka. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao.

"Baba, limekuwa hivi tangu lini?"

"Jana."

"Na ukanyamaza?"

Kinyozi akamtazama mkewe. "Alikuwa anafurahi jinsi nilivyotulia."

Wakamsukuma kumrudisha chumba cha upasuaji, gurudumu moja la kitanda likilia njia nzima. Mke alibaki ukumbini na maneno yake mwenyewe, adabu, adabu, yakimrudi kama matapishi.

Daktari alitoka akiwa amevua barakoa. "Mshono wa utumbo uliachia, uchafu ukamwagika tumboni. Tumesafisha, tumeshona upya. Lakini sumu imeshatembea mwilini, mama. Sikudanganyi. Homa ikishuka, tutakuwa naye."

Homa haikushuka. Kinyozi alilala na mpira puani, mashavu yameingia ndani. Mke, ambaye kusoma kwake kulikuwa kwa kufuata kidole, alivuta kiti akaanza kusoma kwa hasira, kama anayegombana na kila herufi. Koti. Ofisi. Mkaguzi. Hakuthubutu kunyamaza, maana akinyamaza ilimbidi asikilize ile pumzi fupi ya mumewe.

Midomo mikavu ikasogea.

"Umeruka mstari."

"Mstari gani?"

Pumzi iliendelea, fupi vilevile. Mke akarudi juu ya ukurasa kuutafuta mstari huo, mkono mmoja ukiwa juu ya paji la uso la mumewe, ambalo bado lilikuwa likiwaka.