Fundi alipima oil cooler kwa kupuliza kwa mdomo, leo mwanangu hasikii

Wakuu, salaam. Naandika nina hasira, lakini hakuna nilichoongeza hapa.

Tuko Murusagamba, Ngara. Mume wangu ana Noah, inabeba watu na ndizi. Oil cooler, kile kidude kinachopooza oili ya injini, kikaanza kuvuja. Tukampelekea fundi Biharamulo, akakichomelea.

Kukipima sasa!

Akaziba tundu moja kwa kidole, akakizamisha kwenye karai la maji, tundu la pili akapuliza kwa mdomo. Hakuna mapovu. "Tayari hiyo."

Nikamwambia, "Fundi, oili ikichemka presha yake ni kubwa. Si uweke upepo wa kompresa, ukiache muda tuone kama kitahimili?"

Wenzake wakacheka. "Mama, rudi ukapike. Haya mapafu yamepima magari wewe hujaolewa."

Mume wangu naye akacheka. Hilo sijalisahau.

(Huku wengi wanapima hivyo, na kwenye tambarare gari linatembea. Kwetu ni milima na mashimo.)

Wiki haikuisha, mtoto wetu Joshua akashikwa na homa, mara degedege. Zahanati wakasema mkimbizeni hospitali. Tukapanda Noah.

Katikati ya mlima taa ya oili ikawaka. Mume wangu: "Tumalize mlima kwanza."

Injini ikagonga, ikakwama. Kimya. Pale palipochomelewa pameachia, oili imetapakaa chini kama pamechinjwa ng'ombe.

Tukakaa pale, mtoto anakakamaa mikononi mwangu, mpaka ikapita bodaboda. Hospitali wakasema malaria imeshapanda kichwani, tumechelewa.

Alipona. Ila hasikii. Nasimama nyuma yake namwita, hageuki.

Fundi akaja kutupa pole na mkungu wa ndizi. "Mama Joshua, ni mipango ya Mungu."

Nikamjibu, "Mungu hakupuliza ile oil cooler. Beba ndizi zako."

Mama mkwe kaninunia mpaka leo, eti nimemvunjia mgeni heshima.

Nilichojifunza: kutovuja kwenye maji baridi si kupona. Kikichomelewa, kipimwe kwa upepo na geji, kikae na presha yake, ikiwezekana kikiwa cha moto. Fundi akikucheka, ondoka na gari lako.

Mafundi mliomo humu, semeni ukweli, nyie mnapimaje?

Na wewe unayetaka kuandika "ajali haina kinga", njoo kwanza hapa kwangu umwite Joshua.