Dorcelle na Ukuta Usio na Rangi

Binti yangu Dorcelle husimamia ukuta ambao si ukuta. Ni kitambaa cheupe, kirefu kuliko mtu. Mgeni wa arusi anapewa kopo la kupulizia, lakini ndani hamna rangi, mna taa tu. Akilielekeza kwenye kitambaa, kompyuta inatoa rangi aliyoichagua. Watu huchora mioyo, huandika majina ya maharusi. Baada ya dakika mbili picha inajifuta, mwingine anashika kopo. Mwishoni Dorcelle anachapa picha moja, maharusi wanaondoka nayo.

Ninafuatana naye kila Jumamosi. Ninasema ninabeba nyaya. Ukweli ni kwamba duka letu lilifungwa, kwa kuwa ndugu zangu waliotutumia bidhaa kutoka Kivu walikimbia vita. Sasa kazi yake ndiyo inayotulisha. Na Donat, mwenye mashine, alimwambia siku ya kwanza: "Familia moja ikilalamika, unarudi kwa mama yako."

Katika arusi moja kule Bel-Air, mtaa wa hapa Lubumbashi, Papa Nzanzu, baba wa bibi arusi, alishika kopo. Alikuwa ametoka Goma na begi moja. Akaandika kwa herufi kubwa nyekundu: NYUMBA HAIUZISHWI. Chini akaweka jina la avenue, barabara ya kwake, na namba ya nyumba.

Maneno hayo kila mtu Lubumbashi anayajua. Yakiwa ukutani, ujue kuna mtu anataka kuuza nyumba isiyo yake, na wenyewe wanamwonya mnunuzi. Wageni wakacheka.

"Papa, unasema nyumba ao bibi arusi?" mmoja akauliza.

Yeye hakucheka. "Kwangu kule Goma bantu bameingia, banatafuta mununuzi. Siwezi kufika, ndiyo naandika hapa. Rangi itakauka saa ngapi, mwanangu?"

"Papa, haikauke," Dorcelle akasema. "Itajifuta."

"Ijifute namna gani?"

Mama Laurentine, shangazi wa bwana arusi, alikuwa amekwisha kutoa simu. "Wee mutoto, futa hiyo! Tulikuya kucheza, hatukuya tribunal. Nitaita Donat."

Nikamvuta Dorcelle mkono. "Futa, mwanangu. Tutakula nini?"

Akagusa kompyuta. Nilidhani amefuta. Kumbe amezuia dakika zile mbili, na maandishi yakabaki.

Bibi arusi akainuka na gauni lake, akachukua kopo, akaandika jina lake chini ya namba ya nyumba, kama wanavyofanya watoto wenye urithi. Kaka zake wawili wakamfuata.

Mama Laurentine alisimama na simu sikioni. "Allô, Donat?" Akayasoma majina yale matatu ukutani. "Hapana. Hakuna mambo. Nilitaka kuuliza kama karatasi ya kuchapa iko kubwa."

Picha hiyo ndiyo iliyochapwa.

Hata hivyo Jumapili sikula vizuri. Jumatatu simu ya Dorcelle ilipolia, niliishika kabla yake. Alikuwa Donat. Alitaka kujua tu kama nyaya zote zimerudi.