Bi Maftaha na Chanjo ya Watoto wa Shule

Mume wangu alikunywa maji ya vita, tuliyoambiwa yatazuia risasi za Wadachi, akaenda, hakurudi. Ndugu yake, jumbe Likwata, alikaa ndani mpaka vita vikaisha, kisha akachukua shamba letu kijijini Mtama. Boma la Lindi lilipomtaka atoe mtoto wa kusoma shule ya Wadachi, aliwaficha wanawe watano akamtoa Nassibu wangu, mtoto pekee niliyebaki naye. Sijamsamehe.

Nilimfuata mwanangu Lindi kwa miguu. Nikapata kazi ya kutwanga mpunga kwa Rabiabai, mke wa Mhindi mwenye duka, na pa kulala nikapewa na Bi Maftaha. Hakunijua. Aliniona nimekaa kwenye ukuta wa shule na kifurushi changu, akasema, "Wewe mama, ukuta huo hauna chakula. Twende."

Alikuwa mzaliwa wa Kilwa, mkunga na mchanja chale, kazi aliyofunzwa na bibi yake. Yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto. Wakati ule shule ilikuwa na watoto sitini, wengi wa kutoka bara, mama zao wamewafuata kama mimi, na funza walikuwa wamewala vidole. Siku moja alimwona mtoto akipanda ngazi kwa visigino. Akaingia darasani bila hodi.

"Mwalimu Bakary, hawa unawafundisha kuandika. Kutembea watafundishwa na nani?"

Mwalimu alicheka, lakini kuanzia hapo kila Alhamisi masomo yalikoma mapema. Bi Maftaha aliketi barazani na sindano yake na mafuta ya nazi. Wadogo kwanza. Wenye upele upande wa kisima, waoge. Wenye kikohozi wakae mbali na wenzao. Asiyefika alifuatwa nyumbani. Funza aliyeshiba alimwita akida, kama wale wakusanya kodi wa boma.

"Toka, akida, umenenepa kwa jasho la wenzako!"

Watoto walicheka wakasahau kulia. Nassibu naye alicheka, na mimi nilikuwa sijamsikia akicheka tangu baba yake aondoke.

Kisha ikaja habari kwamba ndui imeingia Mtama, inashuka pwani. Daktari wa Kidachi akaja shuleni, akawachanja watoto wote mkononi kwa siku moja, akasema atarudi baada ya siku nane kuona malengelenge. Akaenda zake.

Tuliitazama ile mikono. Vijikato viwili, havina kitu. Kwetu chale isiyopakwa dawa ni jeraha tu. Tukadhani Mdachi kwa haraka yake amesahau kupaka. Tukampelekea Bi Maftaha watoto, naye akafanya alivyofanya maisha yake yote: akakamulia ndimu, akasugua unga wa mkaa mpaka damu ikakauka. Mimi mwenyewe ndiye niliyemshika Nassibu.

Siku ya nane daktari akakagua. Mikono tisa tu ndiyo iliyoumuka, ya watoto ambao hawakuletwa kwetu. Mingine ilikuwa imepona, laini, na weusi wa mkaa ndani yake. Daktari akapiga meza. Mwalimu Bakary akatufasiria: dawa ilikuwa tayari ndani ya kile kikato, lengelenge ndiyo alama kwamba imeshika, na sisi tumeiua. Daktari akauliza nani amefanya. Tulikuwa wanawake zaidi ya ishirini pale uani, kila mmoja akatazama miguu yake. Na mimi nilitazama yangu.

"Ni mimi," Bi Maftaha akasema. "Mkono ni huu. Wachanje tena, mama zao niachie."

Daktari akampa siku mbili.

Bi Maftaha akaanza kupita nyumba kwa nyumba, kwenye milango ileile aliyoizoea kwa ukunga wake. Nilimfuata nyuma. Kwa Samia, ambaye mumewe pia alikufa vitani, tulikuta mlango nusu wazi.

"Juzi mkaa ulikuwa dawa, leo mkaa ni sumu," Samia akasema. "Kesho utatuletea maji, Bi Maftaha?"

"Sina maji, mwanangu. Nimekuja kukuambia nilikosea. Nilimharibia mwanao kinga yake. Mlete achanjwe tena, na mimi nisimguse."

"Na watu wakisema hujui kazi?"

"Watakuwa wamesema kweli. Hii siijui."

Samia akafungua mlango wote.

Mimi nilisimama pale njiani nikalia. Waliotugawia maji, hakuna aliyerudi mlangoni kwangu kusema alikosea. Wadachi waliotuchomea maghala hawajasema. Likwata hajasema. Amesema huyu mwanamke mmoja, na riziki yake yote ilikuwa katika kuaminiwa mkono wake.

Tangu siku daktari alipopiga meza, nilikuwa nimeapa kwamba mwanangu hataonja tena dawa ya mtu yeyote. Siku ya pili nilimpeleka Nassibu mwenyewe.

Siku nane hizo sikulala vizuri. Ndui ilikuwa imefika vijiji vya jirani. Siku ya nne hakuna kitu. Siku ya sita mtoto akaamka na joto, akanung'unika kwamba mkono unawasha. Nikamwita Bi Maftaha. Akaja mbio, akapiga magoti karibu na kitanda, mikono yake ameifungia mgongoni ili isije ikamponyoka.

Kwenye kikato palikuwa na lengelenge, limejaa kama punje ya hindi bichi.

"Umeona?" akaninong'oneza. "Mama Nassibu, umeona?"

Nikamwambia nimeona.